Vaa Useme, ila Ujue Nani Anasoma

Muuza nguo yeyote atakuuliza rangi gani inakupendeza. Swali lake zuri, ila limewahi mno. Katika miji yetu rangi zina wenyewe, na kabla hujajua ipi inakupendeza sharti ujue ipi ni ya nani. Chukua kijana aliyeteremka stendi ya Mbezi leo alfajiri na shati la kijani na suruali ya njano, kwa kuwa mama yake alimwambia kijani kinamng'arisha uso. Hajafika Kariakoo, ameshajiandikisha mahali pawili bila kushika kalamu: ni mtu wa Yanga na ni kada wa chama tawala. Kondakta anamwita "Mwananchi". Muuza kahawa anamuuliza juu ya penalti ya juzi. Mzee mwenye fulana nyekundu anasogea hadi mwisho wa benchi asije akaguswa. Kijana wa watu hajafungua mdomo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka nguo zake ziseme anachotaka yeye. Utani umo, maana bila utani mambo ya mavazi hayazungumziki, lakini kila agizo nalimaanisha na ningependa ulifuate.

Tazama kalenda kabla ya kioo

Klabu ya soka ya Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na leo Dar es Salaam yote imegawana rangi zao: nyekundu na nyeupe ni ya Simba wa Msimbazi, kijani na njano ni ya Yanga wa Jangwani. Siku ya watani wa jadi hakuna rangi ya bahati mbaya. Ukienda kuposa siku hiyo na tai nyekundu, ukamkuta baba wa binti ni mtu wa Jangwani, jibu la posa litasubiri filimbi ya mwisho, na Simba wakishinda usishangae ukiambiwa urudi mwezi ujao.

Msimu wa uchaguzi huongeza mzigo juu ya huo. Kijani na njano inakuwa CCM, zambarau inakuwa ACT-Wazalendo. Ukivuka Namanga na njano yako ile ile, Nairobi watakusoma UDA. Ukiivua ukavaa ya chungwa, umehamia ODM kabla hata hujapata chai.

Sikwambii uzikimbie. Kama timu ni yako au chama ni chako, vaa kuanzia kofia hadi soksi, utembee kifua mbele. Ninayemhurumia ni yule anayependa tu kijani. Kwake dawa ni moja: vunja jozi. Kinachosomwa na watu ni zile rangi mbili zikikaa pamoja. Kijani ukikivalia kahawia, au nyeupe, au bluu ya wino, kinarudi kuwa kijani cha majani. Njano ikae na kijivu. Nyekundu iondolee nyeupe, ipe nyeusi au udongo, na hata shabiki mkali atakupita akikusalimu vizuri.

Na ukinunua kitambaa, usikiamini ndani ya duka. Zile taa za darini zinaweza kuifanya bluu ionekane nyeusi na waridi ionekane chungwa. Mwombe muuzaji ukitoe nje, simama barabarani kwenye jua la saa sita, kiweke chini ya kidevu chako, kisha mtazame mwenzako uliyekuja naye usoni. Akikitazama kitambaa, kiache. Akikutazama wewe, lipa.

Watanashati wa La Sape, kule Brazzaville na Kinshasa, wana sheria inayostahili kuazimwa: mavazi yote ya mtu kwa siku moja yasizidi rangi tatu. Hawa ni watu ambao wengi wao hawana fedha nyingi, na wanapita na suti ya waridi na kofia nyekundu kwenye njia ya vumbi kama vile njia ilitengenezwa kwa ajili yao. Papa Wemba, mwanamuziki aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016, ndiye aliyeisambaza adabu hiyo mbali kuliko mtu mwingine yeyote. Rangi tatu zinatosha kwa sababu msomaji ana muda wa kupita tu. Ya nne anaiona kama fujo.

Kanga: soma kwanza, penda baadaye

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo penye utajiri wetu.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na chini ya mji, ndani ya kisanduku chembamba, kuna jina. Fulana nazo huandikwa, lakini fulana hupiga kelele kifuani kabla hujamfikia mtu. Maneno ya kanga husomwa ukishampita. Anabaki amesimama na neno lako, na wewe umeshakata kona.

Ukienda kununua, iwe Mtaa wa Uhuru Kariakoo, Darajani Unguja au Mtaa wa Biashara Mombasa, muuzaji atakukunjulia moja baada ya nyingine akisema, "Mama, hii rangi yako." Usijibu. Shika pindo la chini, tafuta jina, soma mpaka mwisho. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa 1887 na ambayo kanga zake watu walizijua kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa kila inapozungumzwa asili ya majina haya. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazosoma leo. Kizazi baada ya kizazi kimejifunza kwamba mchoro ukikuvutia na jina likakukataa, kanga inabaki dukani. Ukilazimisha, utakuja kuivaa ndani tu wakati wa kupika.

Majina yana tabia kama watu. Yapo ya heshima, kama "Nani kama mama", ambayo hayajamkosea mtu. Yapo ya subira: "Japo sipati tamaa sikati". Yapo ya wacha Mungu, kama lile la sisi sote kuwa abiria na dereva kuwa Mungu. Halafu kuna ukoo wa vijembe. "Hasidi hana sababu." "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hili la pili likipita uani asubuhi, kila jirani ataacha alichokuwa akifanya na kujikagua.

Ukiwa unanunua zawadi, kumbuka kwamba jina linageuka kuwa barua yako. Mpokeaji hatasema "kiwanda kimeandika". Atasema "fulani kaniambia". Bibi harusi aliyefungua furushi la mawifi akakuta "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" hataisahau siku hiyo, hata waapie kwamba walivutiwa na maua. Kwa mama mkwe nunua dua au shukrani, rangi tulivu. Kwa shoga yako nunua kitu mtakachocheka pamoja, kisha ikate doti, kipande kimoja chako na kimoja chake. Mkikutana sokoni mmevaa, hakuna atakayewatenganisha kwa umbea wiki hiyo.

Namna ya kujifunga ndiyo inayoamua nani atasoma. Pindo la chini liwe chini kweli, ujue hilo, maana jina lililopinduka miguu juu ni aibu ya mwanzo. Kipande cha kiunoni kizungushwe hadi jina likae nyuma, katikati, chini ya kiuno. Mwenye kuvaa kwa haraka huliacha ubavuni, na ubavuni linasomeka nusu: "Hasidi hana", basi, watu wanabaki wanajiuliza hasidi hana nini. Kama neno ni la mtu mmoja, mtangulie njiani. Kama ni la mtaa mzima, kaa mbele kwenye foleni ya bomba. Na kwenye taarabu, ukinyanyuka kwenda kutunza, subiri beti inayofanana na kanga yako. Nenda taratibu, noti ikiwa juu, na urudi ulikotoka bila kumtazama mhusika. Atakuwa anakutazama yeye.

Ukikamatwa, jibu ni lile lile la mama zetu: "Mimi nimependa rangi tu." Ninalipenda jibu hilo kwa moyo wote. Rangi ndiyo inayompa msemaji njia ya kutoka na msemwaji njia ya kunyamaza, na ugomvi ambao ungevunja nyumba unaishia kwenye kufua na kuanika. Lakini hapa naweka sharti, na naliweka kwa ukali. Usimvalie kijembe mtu asiyeweza kukujibu. Binti wa kazi unayemtupia maneno huku ndiye anayemlisha mwanao, mke wa mwanao aliyehamia juzi na begi moja, hao hawana doti za kukujibia. Kijembe ni mchezo wa watu wanaotoshana nguvu. Ukimvalia mnyonge, mtaa mzima unasoma, na wanachosoma ni roho yako.

Kisutu nayo ina mambo yake. Nyekundu, nyeupe na nyeusi, mara nyingi haina hata jina, kwa sababu mchoro wenyewe umeshatangaza harusi. Ukiiona imetandazwa kwenye sanduku la bibi harusi huhitaji kuuliza shughuli ni ya nini. Nyumbani ipe adabu yake: kabla ya kuifua mara ya kwanza, iloweke kwenye maji ya chumvi, na ifue peke yake. Nyekundu ya kanga mpya ikiingia kwenye kanzu nyeupe ya mume haitoki, na maelezo utakayompa yatakuwa marefu kuliko pindo.

Na anayesema ni kitambaa tu

Huyu nina neno naye, na hapa utani nauweka kando kidogo.

Unguja ya karne ya 19, mtu alijulikana daraja lake kwa macho. Watumwa walivishwa merikani, ile pamba nyeupe isiyo na ua iliyokuja kwa meli kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nzito ya nili. Mwanamume mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuvaa kofia. Nguo ilikuwa tangazo la nani anamilikiwa, na mwenye kutangazwa hakuulizwa. Sheria ya kufuta utumwa ilipokuja Unguja mwaka 1897, mwanahistoria Laura Fair ameonyesha katika kitabu chake Pastimes and Politics, wanawake waliotoka utumwani hawakusubiri mtu awafundishe nini cha kufanya na uhuru. Waliiacha kaniki na kununua kanga. Walifuata michoro mipya ilipoingia, walibana matumizi ya mambo mengine ili wapate doti, na waume zao na kaka zao wakavaa kofia mchana kweupe, barabarani, mbele ya waliokuwa mabwana.

Mtu akiniambia leo kwamba rangi ni upuuzi wa wanawake wasio na kazi, hasira hunipanda. Mwanamke aliyevishwa rangi moja tangu anazaliwa kwa amri ya mwingine, siku alipoingia dukani na kusema "nipe ile yenye maua mekundu", alikuwa anafanya jambo kubwa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Sisi tunaozurura Kariakoo tukigeuzageuza doti tumerithi haki hiyo. Tuitumie kwa akili.

Ndiyo maana pia sina subira na watawala wanaowachagulia watu nguo. Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipiga marufuku suti na tai huko Zaire akaleta abacost, koti la kufunga hadi shingoni, na mwenyewe akajitenga juu ya wote kwa kofia ya ngozi ya chui. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima ya Mwafrika. Nairobi nako, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizuia suti za Kaunda na mavazi ya kiasili ndani ya ukumbi, wakati Rais William Ruto alikuwa ameshaifanya suti hiyo kuwa vazi lake la kila wiki. Huko tai ilikuwa dhambi, huku kukosa tai ndiyo dhambi. Mtu mzima aliyechaguliwa na watu wake aachwe afunge shingo yake anavyojua.

Wanaume: kitu kimoja, muda mrefu

Wengi wenu mnaamini kwamba nafsi ya mwanamume inaonyeshwa kwa wingi wa vitu. Simu mbili mkononi, ya tatu kiunoni, funguo zinazolia, miwani ya jua ndani ya ukumbi saa tatu usiku, saa kubwa kama sahani ya kikombe. Viondoe vyote, viweke mezani, kisha uchague kimoja. Na nakuomba, kabla ya kutoka, itazame mikono ya koti lako jipya. Ile lebo iliyoshonwa kwa nje karibu na kiganja imewekwa na kiwanda kwa ajili ya duka. Chukua wembe, katiza uzi taratibu. Bei ya koti ilishalipwa, hakuna tena wa kuonyeshwa risiti.

Tazama waliosomeka vizuri. Mwalimu Nyerere alikuwa na fimbo yake. Jomo Kenyatta alikuwa na usinga. Wangari Maathai alifunga kilemba cha rangi, nyumbani na hadi Oslo alikopokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na vitu kumi. Walikamata kimoja wakakaa nacho mpaka watoto wa shule wakaweza kukichora wakajua ni nani. Kitu cha namna hiyo hakinunuliwi kwa siku moja. Kinahitaji kuonekana nawe msibani, harusini, kazini, kwenye mvua.

Kwa mwanamume wa pwani, na kwa yeyote anayependa, chaguo langu ni kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ichukue mkononi uitazame kwa karibu. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na katikati ya maua kuna vitundu vidogo kama mbegu ya ufuta, kila kimoja kimezungushiwa uzi pande zote kisifumuke. Vitundu hivyo ni pambo, na pia ni madirisha, kichwa kinapumua. Igeuze ndani. Ya mashine huko ndani nyuzi zimerukaruka kutoka ua hadi ua, ya mkono ni safi karibu kama nje. Kazi hiyo inakula wiki, na nyingine miezi, ya macho ya mtu, kwa hiyo usipunguze bei kama unanunua nyanya. Ukiifua, itie wanga, ikaushe juu ya kitu cha duara chenye ukubwa wa kichwa chako, na isiwekwe kamwe kwenye kiti cha gari, maana siku moja mtu ataikalia.

Ukiivaa wima, umesema uko kwenye ibada au kwenye kikao. Ukiilaza mbele kidogo, umesema una shughuli. Ukiirudisha nyuma mpaka kipaji kiwe wazi, umesema kahawa imekolea na habari inanoga. Hayo yote kwa kofia moja.

Wenzetu wa Omani wana ujanja mwingine ninaouheshimu sana: kishada kidogo kinachoning'inia shingoni mwa kanzu, kinachochovywa manukato. Rangi inamfikia aliye mbali, harufu inamfikia uliyempa mkono.

Sare ya harusi

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nitajionyeshaje nilivyo wakati kamati imeamua wote tuvae kitenge kimoja? Jibu la kwanza ni kwamba ulipe na uvae. Sare ni njia ya kumwambia mwenye shughuli kwamba uko upande wake, na picha za ukumbi zitakapotazamwa miaka ijayo atawahesabu watu wake kwa rangi hiyo. Anayekuja na gauni lake mwenyewe kwa sababu "kile kitenge hakinipendezi" ameonyesha nafsi yake, sawa, na kila mtu ameiona.

Baada ya hapo uwanja wako ni mshono. Yadi 6 zinatosha kumfanya mtu mmoja mkali, mwingine mpole, mwingine mama wa kanisa, na wote wametoka kwenye jora moja. Mwenye shingo nzuri akate shingo. Mwenye kupenda kucheza asishone sketi ya kubana magoti, maana kwaito ikipigwa atabaki mezani akipiga makofi. Mchoro mkubwa uwekwe mahali pamoja, mgongoni au kifuani, na fundi aambiwe wazi asiukate katikati. Nyeupe mwachie bibi harusi. Kama sare haina nyeupe, usiitie kwa kilemba wala kwa kitambaa cha begani.

Halafu fundi. Mpelekee kitambaa mapema, na tarehe ya harusi mtajie ya wiki moja kabla ya tarehe ya kweli. Najua ni uongo. Ni uongo ambao fundi naye anautegemea, maana akisema "njoo Ijumaa" anajua na wewe unajua kwamba Ijumaa ni siku ya kwenda kumkumbusha. Nenda na picha, usimweleze kwa mikono hewani. Onyesha kola, onyesha urefu kwa kuugusa mguu wako, na simama hapo mpaka aandike.

Pambo la kuongeza liwe moja, na Mwambao una zuri lisilo na mpinzani: kikuba. Maua ya asumini yaliyotungwa, mrehani, vipande vya mkadi, waridi likipatikana, vyote vimefungwa pamoja na kubanwa kwenye nywele au kifuani. Nunua jioni maua yakiwa bado hayajachanua, yatafunguka ukiwa umeshaketi. Hina na piko vina wenyewe. Katika nyumba nyingi za pwani, mikono na miguu iliyojaa maua ni ya mwanamke aliyeolewa, kwa hiyo msichana aulize wakubwa wake kwanza. Na piko ikiwa imechanganywa na rangi ya nywele ya dukani, ikatae hata kama harusi ni ya dada yako. Ile huunguza ngozi, na malengelenge hayana mchoro.

Shanga za Kimaasai zinauzwa kila kona siku hizi, na zinapendeza. Ila kwa wenyewe shanga husema umri wa mtu, na kama ameolewa au la. Nyekundu inabeba ushujaa, nyeupe maziwa. Kabla ya kuvaa, muulize mama aliyezitunga amekutungia nini. Atafurahi kuulizwa.

Kuna siku za kuvua. Msibani hakuna anayechagua rangi ya kung'aa. Unajifunga kanga kiunoni, unaingia jikoni kusaidia, na pete kubwa unaiacha nyumbani. Mjane wa Kiislamu akiwa edani, miezi 4 na siku 10, hajipambi wala hajitii manukato. Anayemtembelea aliyemzoea na udi na hina anamwona na kuelewa ukubwa wa alichopoteza bila mjane kulazimika kukieleza. Usimwambie "umechakaa". Mpe muda wake.

Huna fedha

Hata hilo halizuii. Nenda mitumba, Karume ukiwa Dar, Gikomba ukiwa Nairobi, na uende asubuhi belo linapofunguliwa, kabla wauza duka hawajachagua vizuri vyote. Usitafute jina la kampuni kwenye kola. Tafuta kitambaa na rangi. Liinue shati juani uone kama kwapa limepauka. Vuta mshono wa bega. Kunja kola uone kama imeliwa kwa ndani. Likiwa zima, bei ielewane, lichukue, halafu ufanye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: badilisha vifungo.

Shati la mitumba hutembea na vifungo vya plastiki vilivyofifia vya mtu mwingine. Vikate vyote. Nunua vya mbao, vya kifuu cha nazi, au vyeusi vya kung'aa kama shati ni jeupe, na uzi wa kushonea uwe wa rangi moja iliyo kwenye viatu vyako. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi sokoni. Watu watauliza umeshonesha wapi. Kama huwezi kushika sindano, mpelekee fundi, ila umpelekee Jumatatu. Kuanzia Alhamisi ana sare za watu.